Kitufe Kisicho na Jina

Kitendawili.
Tega.
Nyumba yangu haina mlango.
Mtoto wa darasa la pili atajibu yai.
Mimi najibu: tovuti ya serikali,
saa tano usiku, Kariobangi Kusini,
simu sikioni, uzi mapajani.

Sauti inayonisomea simu ni ya mwanamume asiye na kwao.
Nimempa jina, Karani.
Kwamboka hulitamka kana kwamba ana pipi mdomoni,
lakini hunisomea magazeti, na bei ya uzi Gikomba,
na salamu za shemeji, hata zile za kuomba pesa.
Usiku ule Karani aliishiwa maneno.
"Kitufe," akasema.
"Kitufe.
Kitufe.
Picha, haina jina.
Kitufe."

Kipi cha kuwasilisha? Kipi cha kufuta?
Mimi ni fundi wa kufuma sweta za shule, kifungo nakijua.
Nashona vitano kwa kila sweta, cha juu hadi cha chini,
vidole vikipita, kila kifungo kina tundu lake.
Hivi vya serikali havina tundu.
Hivi ni vifungo vya ile maana nyingine,
vya miaka, vya hakimu.

Kisha fumbo la mwisho: chagua picha zote zenye taa za barabarani,
uthibitishe kuwa wewe si roboti.
Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Roboti anayenisomea ametumwa aniulize
kama mimi ni mtu.

Mwaka uliotangulia nilikwenda kwa kijana wa saiba.
Nikamtajia nywila yangu kwa sauti,
watu watatu wakisubiri fotokopi,
na nambari ya kitambulisho, na ninachoingiza kwa mwezi,
na ugonjwa ulionitoa macho.
"Mathe, glakoma ni ya K ama C?"
Alikuwa na adabu. Alinitoza mia moja.
Nikarudi nyumbani kama mtu aliyeanika nguo za ndani
kwenye ua wa kanisa.

Kwa hiyo safari hii niliwaandikia barua.
Ya nukta nundu. Kurasa nne, bila tafsiri.
Wacha nao wapapase.

Wiki ya tatu simu ikalia: Mutinda, idara ya mitandao,
Barabara ya Harambee, ghorofa ya saba,
lifti isiyotaja ghorofa.
Akanimiminia chai, akaanza kunieleza rangi walizochagua.
Nikamwambia, zima skrini.
"Yote?"
Yote. Sasa omba msamaha.
"Wa kodi?"
Anza na huo.

Nilisikia kidole kikigonga, kikisita, kikirudi,
Karani akimhesabia: kitufe, kitufe, kitufe.
Dakika ya kumi na moja ukurasa ukamwambia muda wake umekwisha,
aanze upya.
Kiti chake kikalalamika. Kisha, polepole:
"Hii niliiandika mimi."

Sikumpa pole. Nilimpa orodha.

Tulikaa hadi mlinzi akaja na funguo.
Kitufe cha kwanza tulikiita Wasilisha.
Cha pili, Rudi. Kwa cha tatu tulibishana:
yeye alitaka Ghairi, mimi nilitaka Acha,
kwa sababu mamangu, Mungu amrehemu, asingejua ghairi ni nini.
Nilishinda.

Vilivyobaki ni mia mbili na kitu.
Fomu ya daktari bado ni picha ya karatasi,
Karani akiifikia hunyamaza kama mgeni aliyeulizwa deni,
na bosi wa Mutinda yuko Naivasha
kwenye semina ya ujumuishaji, siku nne, chakula juu yao.

Leo nimerudi. Simu sikioni, uzi mapajani.
Karani anateremka ukurasa: kitufe, kitufe, picha, kitufe,
"Wasilisha."
Amelitamka vibaya, mkazo kauweka kusiko.
Sijakibonyeza.
Nakipita, nakirudia, nakipita tena,
kama kifungo cha juu cha sweta ya mtoto
asubuhi ya Julai, kabla hajatoka,
kidole kikihakikisha tundu lipo.